Swichi ya zamani na fimwea mpya: usifanye mambo mawili siku moja

Swichi ya mtandao, kile kifaa kinachounganisha kompyuta, simu na kamera za ofisi kwa kebo, ikikaa kwenye raki miaka saba au minane bila kuzimwa ina hatari mbili, na mafundi wengi huzichanganya kuwa moja. Ya kwanza ni fimwea mpya, yaani ile programu ya ndani inayoiendesha swichi: faili linaweza lisiendane na kifaa, linaweza kufika limeharibika, au umeme ukakatika wakati linaandikwa. Ya pili ni kule kuzima na kuwasha, hata kama hujabadilisha chochote. Kwa ninavyoona kazini, swichi nyingi zinazosemekana "zimekufa kwa sababu ya update" hazikuuawa na faili. Zilikuwa zimeshachoka, na siku ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kutakiwa kuwaka upya.

Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya jambo hilo. Izime na kuiwasha kwanza ikiwa na fimwea yake ya zamani. Ikirudi salama na kila kitu chake, ndipo upange siku nyingine ya kusasisha.

Hapa Dodoma jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu Serikali ianze kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, ofisi zimeongezeka haraka, na si zote zilizoanza na vifaa vipya. Kuna swichi zilizosafiri na ofisi zake kutoka Dar es Salaam, kuna zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika, na kuna zilizofungwa kwenye shule na vituo vya afya vya Bahi, Kongwa na Chamwino na fundi ambaye leo hapatikani hata kwa simu. Ukiharibu swichi ukiwa Kariakoo, unavuka barabara unanunua nyingine. Ukiiharibu Mpwapwa, wagonjwa wanaandikiwa kwenye madaftari hadi kifurushi kishuke kwenye basi.

Hatua ya 1: Jiulize kama kuna ulazima

Kusasisha si ibada. Swichi ikifanya kazi vizuri, na tatizo unalotaka kuliondoa linaweza kuzibwa kwa kubadilisha mipangilio, ziba kwa mipangilio.

Chukua mfano wa swichi za Cisco Catalyst, ambazo zimejaa maofisini kwetu. Machi 2017 Cisco walitangaza udhaifu uliogusa zaidi ya aina 300 za swichi zao, uliomwezesha mtu kuingia kupitia Telnet, njia ya zamani ya kuiamuru swichi kwa mbali bila usimbaji. Ukifunga Telnet na kubaki na SSH, ambayo husimba mawasiliano, mlango huo umeufunga. Machi 2018 ukatangazwa mwingine, CVE-2018-0171, kwenye huduma iitwayo Smart Install inayosikiliza poti ya TCP 4786 (namba ya huduma, si tundu la kebo). Mwezi uliofuata swichi nyingi, zikiwemo za Iran na Urusi, zilifutiwa mipangilio yake na kuachiwa picha ya bendera ya Marekani. Agosti 2025 FBI walikuwa bado wanatoa onyo kwamba udhaifu huo huo unatumiwa kwenye vifaa vya zamani. Kinga yake, kwa ofisi isiyotumia Smart Install, ni amri moja, `no vstack`, na haihitaji kuzima chochote.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria fimwea: funga Telnet, funga ukurasa wa wavuti wa swichi kama hautumiki, weka usimamizi wake kwenye VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile) ya peke yake, ruhusu anwani za kompyuta za TEHAMA tu, na hakikisha haifikiki kutoka intaneti. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja. Kwa swichi ambayo mtengenezaji ameshaacha kuitolea matoleo mapya, hiyo ndiyo kinga pekee utakayopata, pamoja na kuanza kuomba bajeti ya kuibadilisha.

Sasisha pale ambapo udhaifu hauzibiki kwa mipangilio, au swichi inajizima yenyewe kwa hitilafu ambayo maelezo ya toleo jipya yanaitaja kuwa imetatuliwa, au kifaa kipya kimegoma kuelewana nayo. Sababu ya "nimeona kuna toleo jipya" haitoshi.

Hatua ya 2: Ijue swichi yako kwa macho na kwa mikono

Soma lebo ya chini au ya nyuma, usitegemee stika ya mbele. Andika jina kamili la modeli hadi herufi ya mwisho, namba ya utambulisho wa kifaa (serial number), na toleo la bodi. Kwa TP-Link na D-Link hili la mwisho ndilo linaloamua. Lebo itakuambia V1, V2 au V3, na ingawa kwa nje ni swichi ileile, ndani chipu inaweza kuwa nyingine kabisa. Fimwea ya V3 ukiiweka kwenye V1, ukiwa na bahati itakataa. Ukikosa bahati itakubali.

Kisha ingia ndani uone inachosema yenyewe. Kwa Cisco ni `show version` na `dir flash:`. Kwa HP ProCurve ni `show version` na `show flash`. Kwa MikroTik ni `/system resource print` na `/system routerboard print`. Modeli inayoonekana humo ilingane na lebo.

Isipolingana, simama hapo hapo. Swichi bandia zipo, na kusasisha ndiko kunakozifichua. Mwaka 2019 kampuni moja ilisasisha swichi zake za Catalyst 2960-X na baadhi zikaacha kufanya kazi. Wataalamu wa F-Secure, kampuni ya usalama wa mitandao, walipozifungua, na ripoti yao ikatoka Julai 2020, walikuta ni bandia, zimetengenezwa kwa namna ya kuzunguka ukaguzi unaothibitisha kwamba programu inayowashwa ni halali. Siku zote zilikuwa zinafanya kazi kama kawaida. Kama swichi yako ilinunuliwa kwa bei ya kutupa bila nyaraka, na serial number yake haitambuliki kwa mtengenezaji, iache na fimwea yake hadi upate nyingine ya kuweka mahali pake.

Hatua ya 3: Hifadhi mipangilio, yote

Hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua. Swichi ina mipangilio ya aina mbili: inayofanya kazi sasa hivi, na iliyohifadhiwa ya kusomwa inapowaka. Fundi akiongeza VLAN ya kamera mwaka 2019 akasahau kuandika `write memory`, kamera zitafanya kazi miaka yote hiyo, na siku swichi itakapozimwa zitapotea. Ofisi moja hapa mjini ilipoteza simu zake zote za mezani kwa namna hiyo. Ilitosha umeme kukatika usiku na betri za UPS, kile kifaa cha umeme wa akiba, kwisha. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu, na hakuna aliyejua zile simu ziliwahi kupangiwa VLAN gani.

Kwa hiyo toa nakala mbili, `show running-config` na `show startup-config`, ziweke kwenye mafaili mawili na uzilinganishe mstari kwa mstari. Usikimbilie kuandika `write memory` kabla hujazilinganisha. Tofauti utakayoikuta inakuambia kitu: ama ni kazi halali iliyosahaulika kuhifadhiwa, ama ni jaribio la mtu lililoachwa njiani. Uliza kwanza, ndipo uhifadhi.

Kwenye Catalyst kuna jambo la ziada. Orodha ya VLAN mara nyingi haimo kwenye mipangilio hiyo. Iko kwenye faili la `vlan.dat` ndani ya kumbukumbu ya flashi. Ukifuta flashi ili upate nafasi ya fimwea mpya, unaifuta nayo. Inakili nje kwa TFTP, njia rahisi ya kuhamisha mafaili kwenye mtandao: `copy flash:vlan.dat tftp:`. Andika pia matokeo ya `show vlan` na `show vtp status` kwenye nakala yako.

MikroTik inataka uangalifu wa namna nyingine. Faili la `backup` ni la kurudishia kwenye kifaa kilekile, lakini `/export file=nakala` linakupa maandishi unayoweza kuyasoma na kuyahamishia kwenye kifaa kingine. Chukua yote mawili. Kwenye RouterOS 7 (RouterOS ndiyo programu inayoiendesha MikroTik) ongeza `show-sensitive`, la sivyo maneno ya siri ya huduma mbalimbali hayatakuwemo.

Mwisho piga picha ya mbele ya raki kwa simu, karibu kiasi cha kusoma namba za poti na kuona kila kebo imechomekwa wapi. Kama kebo zimesongamana, zifunge lebo za karatasi kabla ya kugusa chochote. Nakala zote ziwe mahali pawili, na angalau mahali pamoja pasiwe kwenye seva inayopitia swichi hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Tafuta swichi ya akiba

Bila swichi ya akiba usiendelee. Si lazima iwe ya aina ileile. Inatosha iwe na poti za kutosha, ijue VLAN, na kama ya kwanza inapeleka umeme kwenye simu na kamera kupitia kebo ya mtandao, nayo iweze. Ipange mapema kabisa ikiwa mezani, ifike mahali ambapo ukihamisha kebo tu kazi inaendelea.

Kama ya akiba ni Cisco iliyotoka ofisi nyingine, iweke VTP (utaratibu wa Cisco wa kusambaza orodha ya VLAN kati ya swichi) kwenye hali ya `transparent` kabla ya kuichomeka. Swichi ya namna hiyo yenye jina lilelile la VTP na namba kubwa ya marekebisho inaweza kufuta VLAN za mtandao mzima ndani ya sekunde chache, na hilo litakupa kazi kubwa kuliko uliyokuja kuifanya.

Hatua ya 5: Izime na kuiwasha, fimwea ikiwa ileile

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Amri ya `reload` haitoshi kwa jaribio hili. Inaanzisha programu upya, lakini usambazaji wa umeme ndani ya swichi unaendelea kama ulivyo. Unachotaka kukijua ni kama kifaa kinaweza kuanza kikiwa kimepoa. Ndani ya kisanduku cha umeme cha swichi kuna kapasita zenye maji maji ya kemikali, na joto la miaka linayakausha kidogo kidogo. Kapasita iliyochoka inaweza kuendelea kushikilia umeme ambao tayari upo, lakini ikashindwa kuhimili ule mkurupuko wa mwanzo wa kuwasha. Ndiyo maana swichi inafanya kazi Ijumaa, inazimwa Jumamosi, na haiwaki tena. Fimwea haihusiki kabisa.

Chomoa waya wa umeme. Subiri ipoe hadi ukiigusa juu huhisi joto. Ikiwa imezimwa, ipulize vumbi kwa blowa ndogo ukiwa umeshikilia feni zisizunguke. Vumbi jekundu la Dodoma huganda kwenye mapezi ya feni kama unga uliolowa, na swichi ambayo feni zake hazivuti hewa inajipika yenyewe. Kisha chomeka, ukiwa umeunganisha kebo ya konsoli, ile ya kuunganisha laptop na swichi moja kwa moja bila kupitia mtandao, na usome kila mstari unaopita kwenye skrini tangu mwanzo. Hifadhi maandishi hayo kwenye faili. Siku ya kusasisha utayalinganisha na mapya, na utajua kosa lipi ni jipya na lipi lilikuwepo siku zote.

Ikirudi, kagua poti, VLAN, simu, kamera, na anayetumia kila kimoja. Kisha iache ifanye kazi wiki nzima. Isiporudi, unaweka ya akiba na unakuwa umegundua tatizo siku uliyoichagua mwenyewe, ukiwa na nakala za mipangilio mkononi.

Hatua ya 6: Chagua siku

Aprili hadi mwisho wa Juni sishauri kugusa swichi ya ofisi yoyote ya umma hapa mjini. Bunge la Bajeti linaendelea, maafisa wanakesha, na tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa. Desemba hadi Machi ni mvua na radi, na umeme hukatika bila kubisha hodi. Julai hadi Septemba ndiyo miezi mizuri.

Siku ya wiki iwe Jumamosi asubuhi. Wengi hupenda Ijumaa jioni watu wakishatoka, lakini ukikwama saa tatu usiku maduka yamefungwa na hakuna wa kumpigia simu. Jumamosi saa moja asubuhi una mchana mzima mbele yako, maduka ya mjini yanafunguliwa, na kifurushi kikipakiwa basi la asubuhi kutoka Dar kinakufikia jioni.

Omba ruhusa kwa maandishi kwa mkuu wa kitengo, halafu ongea kwa mdomo na wale ambao kazi yao itasimama. Mhasibu usimpelekee barua pepe tu, mfuate mezani kwake.

"Shikamoo mama. Jumamosi, kuanzia saa moja hadi saa tano asubuhi, mtandao hautakuwepo. Kuna malipo yoyote ya siku hiyo?"

"Marahaba mwanangu. Jumamosi hii hapana, kuna wakandarasi wanasubiri control number. Fanya ijayo."

Basi unafanya ijayo. Kwenye kituo cha afya zungumza na mfawidhi, na uhakikishe fomu za karatasi zipo dirishani kwa saa ambazo mfumo hautapatikana.

Hatua ya 7: Andaa faili

Pata fimwea kwenye tovuti ya mtengenezaji tu. Mafaili yanayozunguka kwenye makundi ya simu, hata yakitoka kwa fundi unayemheshimu, hayana uthibitisho wa asili yake. Soma maelezo ya toleo lote, na utafute mambo matatu: kama modeli na bodi yako vimetajwa, kama kuna toleo la katikati unalotakiwa kupitia kwanza, na kama kuna programu ya kuwashia ya chini kabisa inayotakiwa kusasishwa pia. ProCurve za zamani zina sharti hilo la mwisho kwa baadhi ya matoleo.

Usichukue toleo jipya kuliko yote kwa sababu ni jipya. Kwa kifaa cha zamani chukua la mwisho katika mstari uleule uliopo, ambalo limeshakaa sokoni na kurekebishwa mara nyingi.

Kokotoa alama ya MD5 au SHA ya faili (namba inayobadilika faili likibadilika hata kidogo) kwenye laptop na uilinganishe na iliyo kwenye tovuti. Kisha angalia nafasi. Catalyst 2960 ya kwanza ina flashi ya MB 32. MikroTik nyingi zina MB 16 tu, na kupanda kutoka RouterOS 6 kwenda 7 kunaweza kukwama kwa kukosa nafasi. Kama matoleo mawili hayaenei pamoja, yaani itabidi ufute la zamani kabla ya kuweka jipya, hatari imepanda daraja. Futa kwanza mafaili ya ukurasa wa wavuti na mabaki ya kumbukumbu za hitilafu. Ikiwa bado haienei, rudi Hatua ya 1 ujiulize tena.

Jaribu pia mapema njia ya kuhamishia. TFTP ya zamani haivuki MB 32, kwa kuwa inahesabu vipande 65,535 vya baiti 512 kisha inaishiwa namba. Na laptop mpya inaweza kukataa SSH ya swichi ya zamani kwa sababu njia za usimbaji za zamani zimezimwa; hapo utaongeza `-oKexAlgorithms=+diffie-hellman-group1-sha1` kwenye amri. Mambo haya yagundue Jumatano, usisubiri Jumamosi.

Hatua ya 8: Umeme na kebo ya konsoli

UPS isiyojaribiwa ni sanduku zito tu. Siku chache kabla, ichomoe ukutani ikiwa na mzigo na upime inadumu dakika ngapi. Siku ya kazi iwe na swichi na laptop peke yake. Jenereta haitoshi, kwa sababu zile sekunde kati ya TANESCO kukatika na jenereta kushika ndizo zinazoharibu.

Kebo ya konsoli iwe imeshafanya kazi na laptop hiyo hiyo, na swichi hiyo hiyo. Kwa Catalyst mwendo wa kawaida ni biti 9600 kwa sekunde. Bila konsoli, swichi ikikwama wakati wa kuwaka utabaki unatazama taa zinavyowaka na kuzimika.

Hatua ya 9: Pakia

Kwa Cisco, nakili faili kwa `copy tftp: flash:`, kisha `verify /md5 flash:` ukifuatisha jina la faili. Namba ikilingana na ya kwenye tovuti, elekeza kuwasha kwa `boot system flash:/` na jina, hifadhi, halafu soma `show boot` herufi kwa herufi. Herufi moja ikikosewa, swichi itashindwa kupata programu yake. Epuka `archive download-sw /overwrite` kwenye kifaa ambacho huna uhakika nacho, kwa kuwa inaondoa ile ya zamani.

ProCurve ina vyumba viwili vya fimwea, na huo ni muundo mzuri sana. Weka mpya chumba cha pili, `copy tftp flash` kisha anwani ya seva, jina la faili na neno `secondary`, halafu `boot system flash secondary`. Ya zamani inabaki palepale chumba cha kwanza.

MikroTik inasasishwa mara mbili: kwanza RouterOS, swichi inajiwasha upya, kisha `/system routerboard upgrade` na kuwasha tena. TP-Link na D-Link ni kupitia ukurasa wa wavuti, kwa laptop iliyounganishwa kwa kebo, kamwe si kwa Wi-Fi. Jiandae kuikuta imerudi kwenye mipangilio ya kiwandani.

Elewa pia kwamba si kila dakika ina hatari sawa. Faili likiwa linanakiliwa na la zamani bado lipo, umeme ukikatika unaanza upya, basi. Hatari ya kweli iko pale swichi inapoandika programu yake ya kuwashia, au ya chipu zake za ndani.

Hatua ya 10: Subiri, mikono mbali

Baadhi ya Catalyst zinapowaka na fimwea mpya huandika pia programu ya chipu za mbele. Kwenye konsoli utaona maneno `Front-end Microcode IMG MGR`, kisha `Programming device`, halafu mstari wa herufi zisizo na maana, `rwRrrrrrrwsssspsssss`, zinazosogea polepole. Poti zote zimelala. Hakuna taa ya kijani. Dakika zinapita na simu yako inaanza kuita. Mtu asiyejua anaona imekufa, anachomoa umeme, na hapo ndipo anaiua kweli. Maadamu herufi zinaongezeka, swichi ni nzima. Ninaipa nusu saa kamili bila kuigusa, na kama simamii mlango mwenyewe naomba mtu asimamie ili asiingie mwenye haraka zake.

Ikigoma kuwaka

Catalyst ikikuletea alama ya `switch:` usiogope. Andika `flash_init`, kisha `dir flash:`. Kama faili la zamani lipo, `boot flash:` na jina lake itakurudisha ulikotoka. Ndiyo faida ya kutolifuta.

Kama flashi ni tupu, njia iliyobaki ni kupitisha faili kwenye kebo ya konsoli kwa Xmodem. Kwa mwendo wa 9600, faili la MB 11 linachukua zaidi ya saa tatu. Andika kwanza `set BAUD 115200`, badilisha na mwendo wa programu ya laptop, kisha `copy xmodem: flash:` na jina. Itashuka hadi kama dakika ishirini. MikroTik inafufuliwa kwa programu yake ya Netinstall. Swichi ndogo za ukurasa wa wavuti, nyingi hazina njia ya kurudi.

Jiwekee saa ya kukoma kabla hujaanza. Mimi huweka saa nne asubuhi: ikifika na swichi haijarudi, nahamishia kebo kwenye ya akiba, ofisi inaendelea, na uchunguzi unafanyika mezani bila presha.

Na ukitaka kurudi toleo la zamani baada ya siku kadhaa, angalia maneno ya siri. Toleo jipya linaweza kuwa limeyahifadhi kwa usimbaji ambao la zamani haliujui, ukajikuta umefungiwa nje. Rudisha pamoja na mipangilio uliyoinakili Hatua ya 3, usirudishe fimwea peke yake.

Baada ya hapo

Kagua kwa orodha uliyoandika: poti zilizokuwa juu ziko juu, VLAN zote zipo, kila simu na kamera inapata umeme, saa ya swichi ni sahihi. Angalia kama kusasisha kumefungua huduma ulizokuwa umezifunga. Jaribu na watumiaji wenyewe, printa ya mapokezi, mfumo wa dirisha la malipo, kompyuta ya mkuu wa ofisi. Toa nakala mpya ya mipangilio. Bandika ndani ya mlango wa raki karatasi yenye toleo la zamani, toleo jipya, tarehe, na jina la aliyefanya, ili fundi wa baadaye asilazimike kubahatisha.

Swichi ya pili ya aina hiyo hiyo isubiri hadi mwisho wa mwezi upite, mishahara na taarifa zote ziwe zimepita kwenye ile ya kwanza bila malalamiko.